Jua Linachwa, Dunia Inazunguka

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa sherehe za maadhimisho, mbele ya wanachama na majirani



Kamati ilipotualika, sisi walimu wa sayansi wa shule za jirani, ilitutaka tuzungumze juu ya jambo linalowatatiza wazazi wengi. Kwa nini mtoto hufundishwa darasani, akafaulu mtihani, kisha akirudi nyumbani huwaza kana kwamba hakufundishwa lolote? Tumelipokea ombi hilo kwa furaha, ila tungependa kulipanua kidogo, kwa kuwa jambo hili si la watoto peke yao.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kila jioni tunasema jua linachwa, na kila asubuhi tunasema jua limechomoza. Hakuna Mswahili asemaye kwamba dunia imegeuka ikalipa jua mgongo. Hata saa zetu tunazihesabu kwa jua: saa moja ni saa ya kwanza tangu kupambazuka, na huku karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima, hesabu hiyo inafaa kabisa. Lugha hii ilijengwa na macho, nayo macho hayakudanganyika kuhusu kile yalichokiona. Yalidanganyika tu kuhusu nani anayekwenda na nani aliyetulia.

Fikra za namna hii, ambazo mtu huwa nazo kabla ya kufundishwa na wala hakuzitafuta, leo tutaziita fikra za awali. Tusizidharau. Mtoto mchanga wa miezi michache tu hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi akionyeshwa kitu kigumu kana kwamba kimepita ndani ya kigumu kingine, kwa maana anajua tayari kwamba haiwezekani. Ni fikra hizo zinazotuwezesha kuudaka mpira, kuvuka barabara, na kukitupa chakula kilichonuka. Zimetulea vizuri. Shida huanza pale tunapozipeleka mahali zisipopafahamu: kwenye mambo makubwa mno kama dunia, madogo mno kama vimelea, au ya polepole mno kama mabadiliko ya viumbe katika mamilioni ya miaka.

Mwaka 1992 watafiti wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 60 wa shule ya msingi huko Illinois, Marekani. Waliwauliza dunia ina umbo gani, na wengi wakajibu bila kusita kwamba ni ya mviringo. Mwalimu mwenye haraka angeishia hapo na kutia alama ya vema. Hawa wakaendelea: ukitembea siku nyingi sana bila kukata kona, utafika wapi? Je, dunia ina ukingo? Mtu anaweza kuanguka? Hapo ndipo yaliyofichika yalipojitokeza. Wako watoto walioiona dunia kuwa ya mviringo kama sinia. Wako waliochora mpira wenye uwazi ndani, watu wamesimama juu ya sakafu bapa katikati yake, na mbingu imewafunika kama kawa. Wako waliokuwa na dunia mbili, moja ya mviringo iliyo huko angani, na nyingine bapa, ambayo ndiyo hii tunayoikanyaga.

Miaka minne baadaye ukachapishwa uchunguzi wa aina hiyo hiyo uliofanywa na Ala Samarapungavan pamoja na wawili hao kwa watoto wa Hyderabad, India. Huko nako watoto walikuwa wameusikia umbo wa dunia shuleni, lakini wengine wao waliieleza dunia kuwa imebebwa na maji au imezungukwa nayo, kama inavyosimuliwa katika visa vya kale. Watoto wa miji hii miwili hawakukataa mafunzo. Waliyapokea, kisha wakayatafutia chumba ndani ya nyumba waliyokwisha kuijenga wenyewe.

Hapa tuna neno kwa walimu wenzetu. Katika Kiswahili neno "mviringo" latosha kwa chungwa na latosha kwa sinia pia. Mwanafunzi akijibu kwamba dunia ni mviringo hatujajua bado anawaza nini. Tumpe chungwa na sisimizi, tumwambie atuonyeshe sisimizi aliye upande wa chini anaona "juu" ni wapi. Jibu lake hapo litatufaa kuliko alama kumi za mtihani.

Wala watu wazima wenye elimu hawakusalimika. Mwaka 499, akiwa na umri wa miaka 23, Aryabhata alitunga kitabu chake kiitwacho Aryabhatiya. Humo alifundisha kwamba dunia huzunguka yenyewe, na ndiyo maana nyota huonekana zikielekea magharibi. Akatoa mfano wa mtu aliye chomboni, ambaye akisonga mbele huona vitu vya ufukweni vikirudi nyuma. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Kila aliyesafiri kwa jahazi ameiona minazi ikimkimbia.

Lakini Varahamihira, mnajimu mkubwa wa karne iliyofuata, hakukubali. Aliuliza: kama dunia ingekuwa inazunguka, ndege warukao angani wangerudije viotani mwao? Baadaye Brahmagupta naye akampinga Aryabhata katika jambo hilo. Tusiwacheke. Hawa walikuwa miongoni mwa watu wenye akili kali kuliko wote wa zama zao, na swali la ndege ni swali zuri. Ulaya nako, miaka elfu moja baadaye, wasomi walimpinga Copernicus kwa hoja iliyo ndugu yake: jiwe likiangushwa kutoka juu ya mnara lingeachwa nyuma.

Jibu limo ndani ya treni. Abiria wa treni iendayo mbio akirusha chungwa juu, chungwa humrudia mkononi, halimfuati abiria wa behewa la nyuma. Lilikuwa na mwendo wa treni kabla ya kurushwa, na likiwa hewani bado linao. Ndivyo walivyo ndege, na hewa wanamoruka, na viota vyao. Hapa tulipoketi, karibu na ikweta, ardhi inatuchukua kuelekea mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na chai iliyo mezani mwa Mheshimiwa Mwenyekiti haijamwagika.

Fikra ya awali inasema kwamba kitu hakiendi ila kisukumwe, na msukumo ukikoma nacho hukoma. Sayansi inasema kitu huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Mwaka 1980 Michael McCloskey na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Waliwaonyesha picha ya bomba lililopindwa kama konokono, wakawauliza gololi iliyopita humo itafuata njia gani itokapo. Jibu ni kwamba itakwenda moja kwa moja. Wengi walichora njia iliyopinda, kana kwamba gololi imezoea kupinda ikashindwa kuacha. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kusoma fizikia. Vijana, mkitoka hapa jaribuni kukimbia uani huku mkidondosha embe. Kabla hamjaliachia, kila mmoja aseme litaanguka wapi: nyuma yake, chini ya pale alipoliachia, au mbele zaidi. Kisha mtazame.

Na wakati mnapita mlangoni, iguseni kengele ya hekalu iliyo kivulini, kisha uguseni mlango wa mbao. Mkono utawaambia kengele ni ya baridi na mlango ni wa uvuguvugu. Kipimajoto kitawaambia vyote viwili vina jotoridi moja. Chuma na shaba hulipokea joto la mkono haraka na kulisambaza. Mbao haziko hivyo. Mkono haupimi joto la kitu, unapima jinsi unavyopoteza joto lake.

Kwa kuwa tumegusa habari za joto, hatuna budi kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alitia mchanganyiko wa maziwa ya moto katika jokofu bila kuusubiri upoe, akauona umeganda kabla ya ule wa mwenzake. Alipomuuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka; alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jina la Mpemba sasa linatajwa katika maabara za dunia nzima.

Watu wengi hukomea hapo, nasi twaona si haki kukomea hapo. Jambo hilo lingali linabishaniwa. Wako waliolipima kwa makini miaka ya karibuni wasilione, na wako wanaosema hutokea katika hali fulani tu, kutegemea chombo, jokofu na mahali kipimajoto kilipowekwa. Kwa hiyo yule anayekariri kwamba maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, na yule anayekariri kwamba haiwezekani kabisa, wote wawili wanakariri. Mpemba mwenyewe hakukariri. Aliona, akauliza, akakubali kupimwa.

Sasa turudi kwenye swali la wazazi: mtu akisha kujifunza, fikra ya awali hwenda wapi? Zamani walimu walidhani elimu huifuta kama kifutio kifutavyo ubao. Mwaka 2012 Andrew Shtulman na Joshua Valcarcel walichapisha jaribio lililoonyesha vinginevyo. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu sentensi 200 waseme upesi zipi ni kweli na zipi si kweli. Katika nyingine macho na sayansi vinakubaliana, kama kwamba mwezi huizunguka dunia. Katika nyingine vinapingana, kama kwamba dunia hulizunguka jua. Kwa zile za pili walichelewa zaidi na wakakosea zaidi, hata katika mambo waliyoyajua tangu utotoni. Fikra ya zamani haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa chini ya elimu mpya, na kila mara ilibidi ikandamizwe kwanza.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2009 uliwahusu maprofesa wa biolojia. Walipotakiwa kusema haraka kama kitu kina uhai au hakina, walikawia kidogo kwa mimea kuliko kwa wanyama. Msemaji wa Kiswahili atawaelewa, kwa kuwa sarufi yetu yenyewe imewagawa. Mbu anauma, samaki anaogelea, hata kipofu na kiwete tunawapa "a"; lakini mbuyu ulioishi miaka mia kadhaa, ukanywa, ukazaa na kujiponya majeraha, tunasema "umeanguka", sawasawa na mlango. Tunajua mti una uhai. Sarufi haijui.

Wazee wetu, tumefika penye jambo ambalo wengine walituonya tusiliguse humu: kupatwa kwa jua na mwezi. Twaona ni heri tuliguse. Angalieni neno lenyewe. Kwa Kiswahili jua "linapatwa", yaani limepatikana, limekamatwa na kitu. Kwa Kisanskriti jambo hilo huitwa grahana, na maana yake ni kushikwa. Lugha mbili zilizokutana kwa biashara ya bahari zilikuwa tayari zimelitazama anga kwa macho yale yale. Katika visa vya Kihindu anayelishika jua ni Rahu. Kwa Waislamu majirani zetu, imepokewa kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki mwana wa Mtume, naye akiitwa Ibrahim, watu walidhani mbingu zinaomboleza, na Mtume akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala kwa uhai wa mtu yeyote. Aryabhata naye aliandika kwamba mwezi hulifunika jua, na kivuli cha dunia huufunika mwezi, basi. Akaeleza na hesabu yake.

Na kuna jambo ambalo hutufurahisha kila tulikumbukapo. Kalenda ya panchang iliyotundikwa katika nyumba nyingi za wanachama, ile inayosema saa ya kuanza kufunga na saa ya kuoga baada ya grahana, haiwezi kuzijua saa hizo kwa kumngojea Rahu. Huzijua kwa hesabu ya vivuli. Anayefunga kwa saa hizo amekwisha kuitegemea sayansi ya Aryabhata, apende asipende. Hatukuja kumpokonya mtu ibada yake. Mtu anaweza kufunga, kuswali au kuimba wakati wa kupatwa kwa jua, na moyo wake ukafaidika. Tunachokitenga ni dai lililo tofauti na ibada: kwamba wakati huo jua hutoa miale ya sumu inayoharibu chakula na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Dai hilo linaweza kupimwa, na si kweli. Jua ni lile lile la jana, nalo siku hiyo linatupa mwanga pungufu.

Hatari iliyopo ni nyingine, na hapo fikra ya awali inatuangusha kwa upande wa pili. Siku ya kawaida jua halitazamiki. Jicho hufumba lenyewe. Likipatwa, mwanga hupungua, jicho likadhani kuna usalama, mtu akakodoa. Utando wa nyuma ya jicho hauna hisia ya maumivu. Huungua bila kulalamika, na mtu hugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, Mbeya, kuiona pete ya moto angani, walitumia miwani maalumu, na ndivyo ipasavyo. Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi na filamu za eksirei hazifai.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu juu ya Misri na Bara Arabu, na kwetu litaonekana limemegwa upande, wakati wa mchana. Tungefurahi sana kama siku hiyo watoto wa mtaa huu hawatafungiwa ndani madirisha yamezibwa, wala hawatakodolea jua macho makavu. Ipo njia isiyogharimu hata senti. Chukueni chujio la jikoni, simameni mkilipa jua mgongo, muache mwanga upite katika matundu yake hadi sakafuni. Mtaona vijijua vingi, na kila kimoja kimemegwa. Uani hapa majani ya mwarobaini yatafanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa.

Kupotea njia katika mambo ya anga kunaweza kumgharimu mtu jicho. Katika mambo ya mwili gharama ni maisha.

Wengi wetu hapa tumelelewa tukisikia habari za degedege. Mtoto ana homa kali, ghafla anakakamaa, macho yanapinduka, viungo vinatetemeka. Nani atamwona mtoto katika hali hiyo asidhani ameshikwa na kitu kilichotoka nje? Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi waliitenga degedege na malaria, na kwa kawaida walianzia kwa mganga wa jadi kabla ya kufika hospitalini. Katika sehemu nyingi za pwani ilisemwa pia kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ilijitengenezea ushahidi. Waliocheleweshwa walifika wakiwa mahututi, wakachomwa sindano, wengine wakafa, na kila aliyekufa alihesabiwa kuwa ameuawa na sindano.

Lakini tusidhani wenyeji siku zote ndio waliokosea na wageni ndio waliopatia. Neno malaria maana yake ni hewa mbaya, na kwa karne nyingi Ulaya iliamini homa hutokana na mvuke wa vinamasi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Robert Koch aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara waliuita ugonjwa huo kwa jina la mbu, kwa maana waliupata waliposhuka tambarare walikoumwa na mbu. Ni katika miaka hiyo hiyo, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alipokiona kimelea cha malaria tumboni mwa mbu huko Secunderabad, India. Wasambaa hawakuwa na hadubini. Walikuwa na kitu kingine: walikuwa wamelinganisha, vizazi kwa vizazi, mtu aliyeshuka na mtu aliyebaki mlimani. Huo si ufahamu wa papo kwa papo. Ni uchunguzi, ila haukuandikwa.

Jambo tunalotaka kulikalia zaidi ni kuhara, kwa kuwa kungali kunaua mamia ya maelfu ya watoto duniani kila mwaka, na kwa kuwa dawa yake imo jikoni mwa kila mmoja wetu.

Mtoto anayehara ni kama ndoo iliyotoboka. Fikra ya awali inauliza: nani atamimina maji katika ndoo iliyotoboka? Basi mama humnyima mtoto maji ili tumbo lipumzike. Humnyima na chakula. Sukari ndiyo kabisa, kwa kuwa inasemekana huchochea. Kila hatua ina mantiki yake, na kila hatua humsogeza mtoto kwenye kaburi, kwa maana kinachomuua aghalabu ni ukosefu wa maji na chumvi mwilini.

Tumbo si ndoo. Katika ukuta wa utumbo mwembamba upo mlango ambao chumvi na glukosi huingia pamoja, wameshikana mikono, na maji huwafuata. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo utoe maji kwa wingi, lakini mlango huo hauufungi. Chumvi peke yake haipiti vizuri. Ikiongozana na sukari, hupita. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walithibitisha kwa wagonjwa wa kipindupindu kwamba maji ya namna hiyo yakinywewa hupunguza sana haja ya dripu.

Kisha ukaja mwaka 1971. Vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bongaon, mpakani, Dakta Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu huku wagonjwa wamelala sakafuni. Yeye na wenzake wakapima chumvi na glukosi, wakachanganya katika mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Mtu angedhani baada ya hapo mambo yalikwisha. Hayakwisha. Madaktari wengi waliamini kwamba tiba ya kweli hupita kwenye sindano, na maji ya kunywa yalionekana kitu duni, dawa ya maskini. Kina mama nao walikuwa na sababu yao: maji hayo hayazuii kuhara papo hapo. Mtoto hunywa, akaendelea kuhara, na macho ya mama yakashuhudia kwamba dawa imeshindwa, ilhali ndani ya mwili inafanya kazi.

Shirika la BRAC la Bangladesh liliona kwamba redio na mabango havitatosha. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wahudumu wake wanawake walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya milioni 12, wakamfundisha kila mama kuchanganya kwa mkono wake: chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaa ganja, na maji kwa kipimo. Mhudumu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Alilipwa kwa kadiri ya yale ambayo mama aliyakumbuka pale msimamizi aliporudi kumuuliza. Sisi walimu tukilifikiria sharti hilo, tunatazamana tu.

Twaona hapo ndipo penye jibu la swali la wazazi. Yule mama hakukemewa wala hakuambiwa kwamba bibi yake alikuwa mjinga. Alipewa kijiko, akachanganya, akaonja, akanywesha, akamwona mtoto akifumbua macho. Ushahidi ulipita mikononi mwake, na mikono ilipokwisha kujua, ile fikra ya ndoo iliyotoboka ikapata mpinzani wa kulingana nayo.

Kabla hatujashuka jukwaani, tuseme kipimo chenyewe, na mtuwie radhi tukikirudia mara mbili. Pakiti za ORS za dukani au zahanati ndizo bora, zichanganywe kama zilivyoandikwa. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Lita moja, sukari 6, chumvi nusu. Chumvi isizidi, kwa kuwa ikizidi hudhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo baada ya kila choo, aendelee kunyonya na kula, na zahanati wampe vidonge vya zinki. Akiwa na damu katika choo, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kina mama wa hekalu wametuwekea meza nje, chini ya mwarobaini, yenye maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi na vijiko. Karibuni, wenyeji na majirani, kina baba mkitangulia maana nyinyi ndio msiochanganya. Kila mmoja atengeneze gilasi yake kisha aonje. Ikiwa ina chumvi kuliko machozi, imwageni mwanze upya.